Redio za Mtwara mbona zinaimba Dar kutwa nzima?

Siku hizi hapa Mtwara mjini ukiwasha redio saa nne asubuhi ni amapiano, saa nane mchana singeli, usiku amapiano tena, ukihamia stesheni nyingine unakuta nyimbo zilezile zimepangwa tofauti kidogo tu. Yani kabla mtangazaji hajataja jina la kituo huwezi kujua kama uko Chikongola ya hapa kwetu au Mbagala ya Dar. Mimi hili linaniuma kwakweli.

Miaka ya nyuma kuna kituo kimoja cha hapa tulikuwa tunakisikiliza nyumba nzima. Asubuhi zilipendwa, mchana taarabu na salamu, jioni bongo fleva, alafu Jumapili kulikuwa na saa nzima ya ngoma za asili, sindimba za Wamakonde, ngoma za Wayao, za Wamwera, na wazee wanapiga simu kutoka Newala na Tandahimba wanaeleza ngoma fulani inachezwa lini na inachezwa na nani. Mama zangu wakubwa wanakaa uani wanabangua korosho, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, redio iko juu ya ndoo iliyofunikwa, ikiingia sindimba mmoja anaacha kubangua anapiga makofi kufuatisha, sisi watoto tunauliza hapo wanasemaje na tunaambiwa. Kimakonde changu kingi nimekipata pale uani. Kipindi kile kimefutwa, nafasi yake wameweka miksi za madijei.

Sababu zao nazielewa. Redio inaishi kwa matangazo na mtu wa kubeti au wa vifurushi anataka vijana. Kompyuta ukishaipangia nyimbo inapiga yenyewe mpaka asubuhi, na nyimbo za Dar ziko mtandaoni zimeshatengenezwa vizuri, wakati za kwetu inabidi mtu afunge safari akarekodi kijijini. Ni gharama, sikatai.

Ila mbona kwenye maneno bado wanajua wako wapi? Msimu wa korosho ukifika wanatusomea bei za minada ya vyama vikuu vya ushirika vya wakulima, TANECU na MAMCU, kuanzia mwezi wa sita wanatukumbusha kupuliza mikorosho salfa mapema kabla ugonjwa wa ubwiri unga haujashika maua, misiba wanatangaza, maji yakikatika wanatangaza. Hakuna redio ya Dar itakayokufanyia hivyo na ndio maana tunazipenda hizi za kwetu. Sasa ikifika zamu ya muziki wanatuona sote tunaishi Sinza.

Alafu hiyo singeli yenyewe angalia ilikotoka. Ilikuwa ya vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, huko Manzese na Tandale, watu wanaiita uhuni, mpaka vituo kama EFM, iliyoanza 2014, vikaipa muda hewani, na leo wasanii wa singeli wanapanda majukwaa ya Ulaya. Maana yake watu wa Dar waliuamini muziki wa mtaani kwao. Sisi tumekopi nyimbo zao, kile walichokifanya hatujakikopi. Harmonize ni mtoto wa Chitoholi huku kwetu, Ukonde, yani Umakonde wake, kauweka mpaka kwenye jina la lebo yake, lakini ilibidi aende Dar ndio asikike. Kijana wa Masasi anayechanganya mdundo wa sindimba na biti za kompyuta akipeleka wimbo na flashi kituoni anaambiwa hauendani na fomati, anarudi nyumbani na flashi yake.

Sisemi singeli itolewe, vijana wanaipenda na wao pia ni wasikilizaji. Naomba muda wa saa mbili tu kwa wiki wa muziki wa huku kwetu, na ziwe saa ambazo watu wako macho, sio saa kumi alfajiri.

Kazi ya kuzitafuta hizo nyimbo sio kubwa kama wanavyosema. Desemba shule zikifungwa watoto wanatoka jandoni na vijijini ngoma zinapigwa mpaka kunakucha, mtume mtangazaji mmoja na simu inayorekodi vizuri. Aanze kwa wazee wa ngoma aombe ruhusa, maana nyimbo za ndani ya jando na unyago sio za kurusha hewani, arekodi zile za uwanjani ambazo kila mtu anazisikia. Na vikundi vilipwe, hata kama ni kidogo, kwasababu wakisikia sauti zao zinapigwa katikati ya matangazo ya watu na wao hawajapata kitu, mwakani akirudi hawampigii.