Nane Niliyoipuliza

Shemeji alinifundisha bakara, mchezo wa karata wa kasino, kwa dakika tatu, tukiwa bado mlangoni. Alisema ni mchezo wa wavivu: kazi yako ni kuchagua pa kuweka chipu, Mchezaji, Benki au Sare, mengine yote yanaamuliwa na kanuni. Upande ambao jumla ya karata zake inakaribia tisa zaidi ndio unaoshinda. Nikamwambia nimeelewa. Nilichoelewa ni neno "tisa" peke yake.

Nikaweka chipu zangu zote kwa Mchezaji, maana mchezaji si ndiye mimi? (Siye. Ni jina la upande tu. Hata Benki si ya mwenye kasino. Yeyote anaiwekea, ila akishinda anakatwa asilimia 5.) Kumbe dau langu limewazidi wote wa upande ule, na pale mezani mwenye dau kubwa ndiye anayefunua karata. Nikasukumiwa mbili. Mfalme wa shupaza, malkia wa uru.

"Ishirini!" nikapiga kelele, nimeshasimama.

"Sifuri," akasema mgawaji.

Kumi na mapicha yote hayana thamani, ree ni moja, na jumla ikizidi tisa, kumi linatupwa: saba na nane ni tano. Shemeji akawa anakagua dari.

Benki ikafunuliwa: saba. Nikasema basi, sitaki karata nyingine. Nani anisikilize? Mchezaji akiwa na sifuri hadi tano, na Benki haikuanza na nane wala tisa, anaongezwa ya tatu, atake asitake. Ikaja kifudifudi.

Mzee aliyekaa kuliani kwangu akaninong'oneza niikunje polepole kutoka ubavuni. "Hesabu miguu, mwanangu."

Miguu ni yale madoa ya pembeni. Nikachungulia: mitatu. Mzee akameremeta. Miguu mitatu ni sita, saba au nane. Tofauti iko katikati. Sita haina doa pale, saba inalo moja, nane inayo mawili. Nane tumeshinda, saba tunarudishiwa dau, sita ndiyo basi tena.

Sasa, muda mfupi kabla nilikuwa nimemwona mama mmoja akipuliza karata yake, na akashinda. Nikavuta pumzi, nikapuliza kama moto umegoma kuwaka.

"Usipulize!" meza nzima ikapiga yowe.

Kumbe anayepuliza ni yule anayetaka madoa yapeperuke. Yule mama alikuwa anaomba karata ndogo! Yangu ikanichoropoka vidoleni, ikapaa juu ya chipu za watu, ikatua chali mbele ya mgawaji. Sita ya kopa. Katikati peupe.

Chipu zikazolewa, zangu na za wote walioniamini. Nikajaribu kueleza kwamba madoa huchapwa kiwandani, hayatoki kwa pumzi. Mzee hakunitazama tena. Akamgeukia shemeji.

"Ilikuwa nane hiyo. Mimi niliiona. Huyu mtu wako kaipuliza."