Sare ya harusi ya siku moja

Huu mtindo wa kulazimishana kushona sare kila harusi unanikera sana. Unaongezwa kwenye kundi la WhatsApp, na kabla hata ya salamu umeshatajiwa rangi, fundi na bei. Kitambaa Eastleigh, fundi River Road, zote jijini Nairobi, viatu vya kufanana, na mchango wa harusi bado unakungoja. Nguo yenyewe utaivaa wapi tena? Satini ya waridi inayong'aa, mgongo wazi, ofisini huingii nayo! Kwa pesa hizo ningerauka soko la mitumba la Gikomba robota likifunguliwa, nichague kamera, yaani zile nguo bora zaidi za robota, nipate koti la kuvaa miaka. Halafu dada mwenye deni la kodi ya nyumba akikataa, anaitwa mchoyo. Mwacheni aje na gauni alilo nalo.