Mvua imesafika, udongo wa msitu bado unadai

Wanaosema mvua ya tindikali ni habari ya zamani wana hoja. Baada ya Marekani kurekebisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1990, na nchi za Ulaya kubanana kwa itifaki za salfa, salfeti, chumvi ya salfa itokanayo na moshi na kuleta tindikali hiyo, inayoangukia misitu yao imeshuka sana. Naitrojeni ya hewani nayo ni mbolea: pale udongo ulipoikosa, miti imekua haraka.

Tatizo ni jinsi salfeti inavyouacha udongo. Ina chaji mbili hasi, hivyo haitoki bila kubeba ioni chanya (chembe zenye chaji chanya) za kuisawazisha. Huanza na kalsiamu na magnesiamu, virutubisho vya miti. Akiba hiyo ikipungua, alumini huyeyuka na kuzuia mizizi midogo kunyonya kalsiamu iliyobaki. Mvua safi hupunguza upotevu tu, hairudishi kilichokwisha kutoka. Kalsiamu mpya hutoka kwenye mwamba unaomomonyoka taratibu, na juu ya graniti hilo huchukua miongo mingi. Wakati huo huo salfeti iliyohifadhiwa ardhini huendelea kuvuja.

Ushahidi mzito uko Hubbard Brook, msitu wa utafiti huko New Hampshire, Marekani. Oktoba 1999 helikopta ilimwaga wolastonaiti, madini ya kalsiamu na silika, juu ya bonde la hekta 11.8 ili kurudisha kilichopotea. Miti ya mepo ya sukari ilipata nguvu, na miche yake ikastawi. Kama hewa safi ingetosha, kusingekuwa na tofauti kubwa hivyo na mabonde jirani.

Lakini dawa ina gharama, na wanaoipinga hawakosei kuitaja. Zaidi ya muongo baadaye kijito cha bonde lile kilitoa naitreti nyingi, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini: tindikali ilipopungua, uozaji uliharakishwa, na tabaka la majani yaliyooza likapoteza kaboni na naitrojeni. Naitreti nayo hubeba kalsiamu ikitoka. Ndiyo sababu hoja ya mbolea ya bure hainishawishi. Katika misitu ya Ulaya, naitrojeni iliyo chini ya kilo 10 kwa hekta kwa mwaka huvuja kidogo sana. Ikizidi kilo 25, uvujaji ni jambo la kawaida.

Ujerumani hunyunyiza takribani tani 3 za chokaa ya dolomiti kwa hekta, yenye magnesiamu pia. Iwe ya kusagwa tu, ambayo huyeyuka polepole. Chokaa iliyochomwa huharakisha uozaji ghafla. Athari ya chokaa ya kusagwa hubaki juu kwa miaka, kwa hiyo sampuli za udongo zichukuliwe hadi safu ya madini iliyo chini ya majani yaliyooza, la sivyo vipimo vitaonyesha udongo uliopona huku mizizi ya chini ingali kwenye alumini. Na anayevuna magogo ayaache matawi na majani msituni, maana humo mna kalsiamu nyingi.