Chombo cha Angani: Kigongwe Katwe au Kichorwe kwa Kompyuta?

Mtayarishaji wa Kampala anayetaka kutengeneza filamu ya kutisha ndani ya chombo cha anga za juu hukutana na swali moja hata kabla skripti haijakamilika: chombo chenyewe kitatoka wapi? Wapo wanaomwambia aende Katwe kwa wachomeleaji, kijengwe kwa mbao na chuma. Wengine wanamwambia atundike kitambaa cha kijani, ambacho kompyuta hukiondoa na kuweka chombo mahali pake, awapige picha waigizaji, mengine yamalizwe kwenye Blender, programu ya kuchora picha za 3D isiyolipiwa hata shilingi. Wote wana hoja, na kila upande una gharama ambayo hautaji.

Tuanze na kompyuta. Faida yake kubwa ni kwamba chombo hakihitaji ghala, hakiloani mvua, na mwongozaji akibadili mawazo, ukuta unasogezwa bila nyundo. Hasara iko kwenye muda. Filamu inayokwenda kwa fremu, yaani picha mojamoja, 25 kwa sekunde ina fremu 1,500 kwa dakika. Fremu moja ikichukua dakika 5 kuchorwa na kompyuta ya kawaida, dakika moja ya filamu inakula saa 125, yaani zaidi ya siku tano bila kuzima mashine. Umeme ukikatika katikati, aliyeagiza faili moja la video anaanza upya. Aliyeagiza picha mojamoja za PNG anapoteza fremu moja tu, kisha anaendelea palepale. UPS, kile kifaa cha betri ya akiba, husaidia kuzima kwa utaratibu. Haibebi kazi ya usiku mzima.

Halafu kuna kofia ya mwanaanga. Kioo chake kilichopinda kinaakisi ukumbi wote, pamoja na kitambaa cha kijani, na kompyuta ikiondoa kijani inatoboa uso wa mwigizaji. Dawa iliyozoeleka ni kupiga picha bila kioo na kukiongeza baadaye, ambayo ni kazi juu ya kazi. Hata asiye na kofia lazima asimame mita tatu hivi mbele ya kitambaa, la sivyo kijani kinamrudia shingoni na kwenye nywele. Ukiongeza nafasi ya kamera na ya taa, ukumbi wa kukodi unakuwa mkubwa kuliko ule ambao ungejengea seti.

Na seti si mzigo kama inavyodhaniwa. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ikisimamishwa inatoa ukuta wa mita 2.4 kwenda juu na 1.2 kwa upana. Vipande vinne vya korido, kila kimoja na kuta mbili, pamoja na dari na sakafu zinazotoka kwenye plaiwudi moja iliyokatwa katikati, vinatumia plaiwudi 12. Viwekwe juu ya magurudumu. Leo vikipangwa moja kwa moja ni njia ya kwenda kwenye injini. Kesho kikizungushwa kimoja na taa ikabadilishwa rangi, ni wodi ya wagonjwa. Kosa la kawaida ni kupigilia kila ukuta misumari. Ukuta mmoja wa kila kipande ufungwe kwa bolti, kwa sababu kamera itahitaji kurudi nyuma na haitapata pa kwenda.

Kuta zinavishwa trei za mayai, mabomba ya maji, vifuniko vya jerikani na vipuri vibovu kutoka soko la vipuri vya magari la Kisekka. Kinachovificha ni rangi moja ya kijivu isiyong'aa juu ya vyote, kisha nyeusi iliyopakwa kwenye mianya na kufutwa kwa kitambaa. Tahadhari ni kwa lile povu jeupe linalofungiwa televisheni: rangi ya kopo ya kupuliza hulila likabaki mashimo. Lipakwe kwanza rangi ya maji mara mbili, na likae mbali na taa za moto, maana likishika moto moshi wake ni sumu.

Anayeona haya kuwa ni umaskini akumbuke filamu ya Alien ya 1979. Korido zake, zilizojengwa kwenye studio za Shepperton nchini Uingereza, zilipambwa kwa vyuma chakavu vya ndege. Ili mguu wa chombo uonekane mkubwa, watoto walivishwa mavazi madogo ya wanaanga. Aliyevaa ngozi ya kiumbe alikuwa Mnigeria, Bolaji Badejo, mwenye urefu wa sentimita 208 hivi, naye hakuonyeshwa sana.

Kiumbe chetu kinaweza kuchongwa kwa sponji ya godoro na kufunikwa lateksi, ule mpira wa kimiminika. Ute wake ni wanga wa muhogo, vijiko viwili vya chakula kwa nusu lita ya maji, upikwe mpaka ung'ae, kisha utiwe gliserini kidogo usikauke chini ya taa. Utengenezwe siku hiyohiyo. Ukilala unachacha, na mwigizaji atakuwa wa kwanza kulalamika. Ute huohuo ukishikamana na nywele na vidole ni mateso kuutengeneza kwa kompyuta.

Nje ya chombo, hata hivyo, nawapa ushindi watu wa kompyuta. Angani hakuna hewa ya kusambaza mwanga: jua moja kali, kivuli cheusi, mandhari matupu. Hiyo ni picha rahisi kwa Blender. Mfano mdogo uliojengwa kwa mkono, ukiwa moja ya kumi na sita ya chombo halisi, mlipuko wake unapaswa kupigwa picha kwa kasi mara nne ya kawaida, yaani fremu 100 kwa sekunde, ili vipande visiruke kama vya kuchezea, na kwa kasi hiyo balbu za bei nafuu za umeme wa nyumbani huweza kuonekana zikipepesa. Itabidi taa za betri ya lori. Na vumbi la Kampala juu ya mahameli jeusi ya nyuma litakupa nyota usizoziomba.

Pande zote mbili hupenda kumtaja Isaac Nabwana, mwongozaji wa filamu wa mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, aliyetumia helikopta ya vyuma chakavu na kitambaa cha kijani pamoja. Ila filamu zake ni za mapigano na vichekesho. Kitu kikionekana cha bandia, watu hucheka na filamu inaendelea. Ukumbi ukicheka kiumbe kinapotokea kwenye filamu ya kutisha, umeshaukosa. Ndiyo maana kila kilicho karibu na ngozi ya mwigizaji nakipendelea kiwe cha kushikika.

Sauti haisaidiwi na upande wowote. Kitambaa na korido vyote hukaa chini ya mabati yaleyale, na mvua ya Aprili ikianza hakuna neno litakalosikika. Mazungumzo yarekodiwe upya chumbani. Zaidi ya hapo, filamu ikifika kwenye vibanda vya video, VJ, yule msimulizi anayezungumza juu ya filamu ikionyeshwa, ataisimulia kwa Kiganda juu ya ukimya ambao fundi wa sauti aliuhangaikia wiki nzima. Mtayarishaji amwite VJ kabla uhariri haujafungwa, wakubaliane ni dakika zipi hatafungua mdomo.