Njia ya miguu kando ya mto Nairobi, na sisi tuliopo Sabaki

Machi 2025 Rais William Ruto alizindua mradi wa kuufufua mto Nairobi, kwenye kipande cha kilomita 27 hivi kinachokatiza mji mkuu. Ndani yake mna mabomba makubwa ya majitaka, mna nyumba, na mna kile kinachovutia macho kuliko vyote kwenye michoro: njia ya miguu na baiskeli inayoandamana na mto, mtu aweze kutembea jiji zima chini ya kivuli cha miti. Hapa Malindi jambo hili huzungumzwa kwa ufupi barazani, kisha huachwa. Mambo ya Nairobi hayo, watu husema.

Mimi naona yanatuhusu sana. Mto ule unaingia Athi, Athi inapita Fourteen Falls karibu na Thika, inateremka Ukambani, inakatiza Tsavo ikiitwa Galana, na ikifika kwetu ni Sabaki, inayomwaga baharini kati ya Malindi na Mambrui. Tena si baharini tu. Maji ya mfereji tunayotumia Malindi, na yanayokwenda Kilifi na Mombasa pia, yanavutwa kutoka visima vya Baricho, vilivyochimbwa kwenye mchanga wa ukingo wa mto huohuo. Basi wakipanga watakachojenga kando ya maji kule juu, sisi wa huku chini tuna la kusema.

Niseme mapema kwamba njia hiyo naiunga mkono, lakini kwa sharti la mpangilio: nini kianze na nini kifuate. Sababu za kuiunga mkono ni nzito. Nairobi ni mji wa watembea kwa miguu. Asubuhi utawaona watu kwa maelfu wakitoka Mukuru kwenda Industrial Area, wanabanana pembezoni mwa lami, malori yanawapita ubavuni, na mvua ikinyesha wanaruka mitaro huku wameshika viatu mkononi. Kwa mtu huyo njia pana, kavu, yenye taa, ni nauli inayobaki mfukoni kila siku. Wanaosema njia za mtoni ni anasa ya watu wa kukimbia asubuhi hawajamtazama huyu.

Sababu ya pili kwangu ndiyo kubwa zaidi. Mto uliojificha nyuma ya mabati hutupiwa chochote, maana hakuna anayeona. Karibu na mzunguko wa Globe palikuwa na jalala na gereji hadi kwenye maji. John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira, kuanzia mwaka 2008, alisimamia usafishaji wa pale, na leo ni bustani yenye jina lake, watu wanakaa chini ya miti mchana. Korogocho nako vijana waliamua wenyewe kuondoa takataka ukingoni na kupanda bustani ambako watoto wanacheza. Watu wakianza kupita mahali kila siku, mwenye bomba la siri linalomwaga kinyesi mtoni hana tena pa kulificha. Hiyo ni kazi ambayo askari wa mazingira peke yao hawajaiweza kwa miaka mingi.

Sasa upande wa pili. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu wengi Nairobi, na serikali ikaamuru waliopo ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru wakati mvua bado inanyesha. Kaya ziliahidiwa shilingi 10,000 za kuhamia, pesa ambayo Nairobi haimalizi hata amana na kodi ya mwezi wa kwanza ya chumba cha maana. Sipingi kwamba ukingo ni hatari kukaa. Maji yale hayakumhurumia mtu. Lakini yule aliyevunjiwa chumba kwa jina la usalama, halafu akaja kuona pale pale kabro (matofali ya kutandika njia), maua na mabenchi, utamwelezaje? Atasema aliondolewa apishe watembezi, na sijui nani angemlaumu. Kama nyumba za mradi zitajengwa, majina ya kwanza kwenye orodha yawe ya waliobomolewa mwaka 2024, na orodha ibandikwe hadharani mtaani kwao kabla ya fundi kuweka jiwe la njia.

Kuna na hatari ya urembo mtupu. Mfano unaopendwa na wapangaji miji ni wa Seoul, Korea Kusini, ambako barabara ya juu ilibomolewa na kijito cha Cheonggyecheon kikafunguliwa mwaka 2005, kilomita 5.8 za njia ya miguu katikati ya jiji. Ni mahali pazuri, na watu wanapapenda. Ila maji mengi yanayopita pale yanavutwa kwa pampu kutoka mto Han, na wachuuzi waliokuwa wakifanya biashara eneo lile walilazimika kuhama. Jiji tajiri linaweza kulipia umeme wa pampu ili maji yaonekane safi. Nairobi ikiiga sura hiyo bila kushughulikia mabomba, itapata njia nzuri ambayo watu wataipita wameziba pua, na maji machafu yataendelea na safari ya kuja huku kama zamani. Hata mabwawa ya Ruai, ambako majitaka ya jiji husafishwa, maji yake hurudi mtoni. Yakizidiwa, uzito unashuka na mto. Na ukingo ukijengewa zege pande zote ili kabro isimomonyoke, mafuriko hayaondoki, yanaongezewa kasi tu kuelekea kwa walio chini.

Hapo ndipo ninaporudi kwetu, kwa sababu huku pia tunachanganya mambo. Wavuvi wa Malindi wanaujua mto kwa rangi. Mvua za vuli zikinyesha bara, mwezi wa Novemba au Desemba, Sabaki inashuka nyekundu, na kwa kuwa kaskazi imeshaanza kuvuma, maji hayo yanasukumwa kusini hadi ghuba yetu. Bahari mbele ya jeti inakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mvuvi akipandisha jarife lake anakuta tope laini limeshika kwenye matundu, na ndani ya tope kifuniko cha chupa, kipande cha kandambili, uzi wa gunia. Wakati wa masika kusi ndiyo inayovuma, na tope linakwenda upande wa Mambrui na Ngomeni. Matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari, iliyotangazwa mwaka 1968, yanaumia kwa kufunikwa hivyo.

Utasikia mtu akisema huo ni uchafu wa Nairobi. Haki isemwe: tope hilo kwa sehemu kubwa linatoka kwenye mashamba ya miteremko ya Machakos na Makueni, yasiyo na matuta, na kwenye ardhi iliyolishwa mifugo hadi ikabaki uchi. Njia ya mto Nairobi hata ikijengwa kwa dhahabu haitalipunguza pakacha moja. Kinachotoka Nairobi ni kinyesi, mafuta ya gereji, maji ya viwandani na plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na imepungua kweli. Chupa bado zinakuja. Tukidai Nairobi itusafishie bahari yote tutachekwa. Tukidai itusafishie kilicho chake, hoja yetu haina pa kutobolewa.

Nimesikia pia hoja kwamba na sisi tujenge yetu, tupige kabro kutoka daraja la Sabaki hadi mlango wa mto, watalii watembee kwa raha kwenda kutazama heroe. Hii siikubali. Viboko hutoka majini usiku kulisha kwenye kingo zile, mchanga unahama kila mwaka, na mlango wenyewe hauketi mahali pamoja. Pale panatosha vibao vya kuelekeza, vivuko vya mbao penye tope, vijana wa kijijini wa kuongoza wageni, na ada inayobaki kijijini. Njia inayofaa katikati ya watu milioni kadhaa haifai katikati ya ndege.

Kwa upande wa Nairobi, bunge la Kaunti ya Kilifi lina jambo moja la kudai na lidai sasa, mradi ukiwa bado mchanga: maji yapimwe Ruai, Fourteen Falls, Baricho na chini ya daraja la Sabaki, kila mwezi, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili redioni na yabandikwe sokoni Malindi, kuanzia kabla kabro haijalazwa. Wakiukataa upimaji huo, tutakuwa tumejua mapema kama wanajenga kwa ajili ya mto au kwa ajili ya picha.