Mama Mkwe Amefuta Safari ya 1971

Jumanne nimerudi kazini nikakuta Datsun yangu, kile kigari cha plastiki nilichokiunganisha na kukipaka rangi kwa mkono, inameremeta. Imewekwa juu ya kabati la vyombo, ubavuni mwa lile birika la harusi tusilolitumia, imetakata utadhani ya kubebea bibi harusi. Mama mkwe, ambaye yuko kwetu wiki ya pili sasa kutoka Malindi, akanipokea kwa uso wa mtu aliyetenda wema.

"Nimekufutia kigari chako, mwanangu. Kilikuwa kimejaa vumbi, maskini."

Nikasema ahsante, mama. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Vumbi lile lilinichukua wiki tatu.

Nimeshaambiwa nisilikuze jambo. Mke wangu kasema mama hakujua, na kweli hakujua. Lakini shemeji yangu, aliyekuwepo, hakuishia hapo. Aliniuliza mbele ya watu inakuwaje mtu mwenye akili zake apake gari rangi nzuri namna ile halafu alichafue makusudi. Hilo ndilo lililonikalisha hapa kuandika, kwa sababu si yeye wa kwanza. Kila anayeiona huanza kwa kusifu ule wekundu, akasifu na boneti nyeusi, akaigeuza huku na huku, kisha: "Sasa mbona umeiharibu?"

Hii si Datsun ya kuendea sokoni. Ni 240Z namba 11, ile ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mbio za magari za East African Safari mwaka 1971, enzi ambazo mashindano yalikuwa ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Mashindano yalikuwa wakati wa Pasaka, na Pasaka kwetu ni masika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yakafika 7 tena. Mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki na Peugeot 404 yake, na yale mengine mengi yalikuwa huko nyuma, yamezama, yamevunjika, yanasukumwa na wanakijiji. Sasa wewe nionyeshe gari la Safari linalong'aa, nami nitakwambia hilo bado halijaondoka Nairobi.

Mimi nimekulia Voi. Miaka ya themanini, Pasaka haikuwa mayai wala kuku, ilikuwa kukaa juu ya kichuguu tangu asubuhi kungoja helikopta, kwa sababu helikopta ikionekana ujue gari liko nyuma yake. Likishapita hulioni tena. Unaona ukuta mwekundu unakujia, halafu umo ndani yake, unakohoa na kushangilia kwa pamoja. Hatukuhitaji kumwambia mama tulikoshinda, alitazama kope zetu tu. Kope zilikuwa nyekundu. Hiyo ndiyo Safari ninayoijua, na katika kumbukumbu yangu yote hakuna hata gari moja lililokuwa safi.

Boksi la vipande vya kuunganisha limetoka Japani, la kampuni ya Hasegawa, kipimo cha moja kwa ishirini na nne, yaani dogo mara 24 kuliko gari lenyewe, gari lote likikamilika lina urefu wa kama sentimita 17 hivi. Bei siitaji, mke wangu anasoma hapa. Karatasi ya maelekezo inakwambia palipo pa nyekundu, palipo pa nyeusi isiyong'aa, palipo pa fedha. Udongo haikuutaja. Nami sikushangaa sana, aliyeichora hiyo karatasi hakuwahi kula vumbi la Voi.

Kuna chupa za tope la dukani, ndiyo. Nimezinunua, nimejuta. Wanazitengeneza hasa kwa watu wanaounda vifaru vidogo vya vita, na rangi yake ni hudhurungi ya kukaribia kijani, udongo wa shamba la Ulaya lililonyeshewa. Ukiipaka Datsun ya Safari inakuwa kama imeibiwa Nairobi ikapatikana Ubelgiji. Udongo wa Voi ni mwekundu, ila si wekundu wa rangi ya gari, na hapo ndipo kazi ilipo. Lazima nyekundu hizi mbili ziachane. Ukikosea kidogo, vumbi linapotelea kwenye bodi na gari linaonekana limepauka tu, kama limeanikwa juani miaka kumi.

Kwa hiyo nilipanda matatu hadi Voi, nikarudi na udongo wenyewe ndani ya mfuko wa unga wa kilo mbili. (Njiani askari aliufungua akanusa. "Dawa ya nini hii?" Nikamwambia ya gari. Akanitazama kwa huruma, akanirudishia.) Nikauanika, nikautwanga, nikauchekecha kwa chujio la chai. Haukutosha. Fanya hesabu mwenyewe: kwenye gari la moja kwa ishirini na nne, punje ya mchanga ya milimita 1 ni jiwe la milimita 24. Hakuna vumbi la namna hiyo, hayo ni kokoto yamebandikwa mlangoni. Nikauchekecha tena kwa soksi ndefu ya mke wangu, kuukuu, aliyonipa kwa hiari yake, mpaka ukawa laini kama poda ya mtoto.

Na vumbi halikai popote linapotaka. Gari likikimbia huacha uwazi nyuma yake, hewa inarudi kuujaza na vumbi linakuja nayo, ndiyo maana mlango wa nyuma huwa mchafu kuliko boneti. Chini ya milango ni tope zito linalorushwa na magurudumu, hilo nililikoroga na vanishi isiyong'aa nikalichapa kwa mswaki wa zamani, doa moja moja, mengi nikiyafuta na kurudia. Mahali ninapopapenda kuliko pote ni kioo cha mbele. Nilikata vipande viwili vya tepu kwa umbo la feni, pale pale waipa zinapofagia, nikavibandika, nikapuliza vumbi jepesi juu ya kioo kizima, nikangoja, nikavibandua kwa kibano. Kukabaki madirisha mawili safi katikati ya wekundu. Usiku ule nilikaa nikiyatazama mpaka saa saba. Kupitia humo unaona usukani, na unaanza kuamini kuna mtu ameushika.

Hayo madirisha mawili hayapo tena. Kioo kizima sasa ni safi. Mama alitumia sabuni ya vyombo.

Sawa, nikiri kitu kimoja kabla shemeji hajanikirisha. Tope linaficha. Kupaka rangi Mombasa msimu wa mvua ni kutafuta ugomvi na hewa. Unyevu ukiingia kwenye rangi kabla haijakauka inavaa ukungu mweupe, na dawa yake ni msasa wa maji na kuanza upya. Nilianza upya mara mbili. Mara ya tatu nilipata nyekundu niliyoitaka, kwa kutanguliza rangi ya waridi chini yake, ujanja niliofundishwa na fundi mmoja wa Changamwe anayepaka matatu, kisha nikaishika kabla ya wakati. Alama ya dole gumba langu iko mlango wa kushoto, chini, unaweza kunikamata nayo. Kwa hiyo ndiyo, tope la mlango wa kushoto lilikuwa zito kuliko la kulia. Hiyo haifanyi hoja yangu kuwa ya uongo.

Wale wanaosema mtu mzima hachezi na vigari: jirani yangu ana umri wangu na kila Jumamosi anapigia kelele wanaume ishirini na wawili walioko Uingereza. Wale wanaosema ningenunua iliyokwisha tengenezwa: nunueni nyinyi.

Kinachoniuma si kazi kupotea, kwa kuwa udongo ninao na mkono ninao. Kinachoniuma ni huu usafi tunaouabudu. Kila kitu cha kale lazima kisuguliwe kwanza ndipo kipewe heshima ya kukaa kabatini. Wale jamaa wa Datsun hawakulala, walikula vumbi siku baada ya siku, wakachimbua magurudumu kwa mikono, halafu sisi tunawakumbuka kwa gari lililotoka kuoshwa. Ukilifuta tope umewafuta na wao. Na umenifuta na mimi pale juu ya kichuguu, na kope zangu.

Basi. Nimelikagua upya jana usiku kwa taa. Stika za milango zilikuwa bado sijazipigia vanishi ya mwisho, na ya kushoto imenyanyuliwa na kitambaa, 11 imepoteza moja yake. Upande huo sasa gari ni namba 1. Nilicheka peke yangu, kwa sababu 240Z namba 1 nayo ipo: ni ya Shekhar Mehta na Lofty Drews, mwaka 1973, Safari ile ambayo Mehta alifungana kwa pointi na Harry Källström na ushindi ukaenda kwa Mehta. Mlango wa kulia ni Herrmann, wa kushoto ni Mehta. Mama mkwe kashinda Safari mbili kwa kitambaa kimoja.

Jumapili namsindikiza stendi ya magari ya Malindi. Mpaka hapo sigusi kitu. Mfuko wa udongo nimeuhamishia juu ya kabati la chumbani, nyuma ya masanduku, maana asubuhi aliniuliza kama ule unga mwekundu ni wa wimbi, atupikie uji.