Magugu ya Baba Mkubwa

Babu alikuwa mwanachama wa KNCU, ushirika wa kahawa ulioanza mwaka 1933, na mpaka anafariki alisimulia habari za 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, kama mtu aliyevunjwa mguu. Baada yake bei ya kahawa ikaporomoka, watoto wakahamia Dar, na kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, cha Marangu kikabaki na migomba iliyojizalia yenyewe na mibuni mirefu kama nguzo za umeme.

Mimi mjukuu, mzaliwa wa Kimara, nikaamua kukifufua. Nikachukua likizo yangu ya siku 28, nikanunua panga na buti za mpira (kibandiko cha bei sikukitoa, nilikuja kuambiwa baadaye), nikaajiri vibarua wawili wageni kutoka Singida. Watu watatu tusiojua lolote, tukaingia kazini.

Mibuni tuliipogoa vizuri tu. Tatizo lilikuwa upande wa chini, kwenye mstari wa majani marefu ya kijani, yamejipanga kama askari wa gwaride. Hayana tunda, hayana ua la maana. Nikasema haya magugu yananyonya mbolea yangu, ng'oa! Tukang'oa yote. Yalikataa kuwaka, yakatoa moshi tu, nikayamwagia mafuta ya taa lita mbili. Majirani walikuwa wakipita njiani, wanasimama, wanaangalia, wanasema "pole na kazi" kwa sauti ya msibani. Mimi nikajibu "asante" huku nimeshika kiuno.

Jioni akaja Baba Mkubwa na fimbo yake. Akatazama majivu. Akatazama kihamba chake, ambacho sasa kilikuwa kimeungana na changu kama ndugu waliopotezana.

"Mwanangu, mpaka uko wapi?"

Ndipo nikaambiwa kwamba yale yalikuwa masale. Mchaga habandui isale. Ndilo mpaka, ndilo linalopandwa kaburini, na ukimkosea mtu unampelekea jani lake kuomba msamaha. Akishapelekewa, ni vigumu sana kukataa.

"Basi nitakuletea jani, Baba Mkubwa."

"Utalitoa wapi?"

Sote tukageukia majivu. Mmoja wa vibarua akapata kikohozi cha ghafla.

Kesho yake asubuhi nikazunguka kwa majirani kuomba jani moja tu. Nyumba ya kwanza, mama mmoja akachungulia mlangoni: "Ni wewe mchoma masale? Baba, nenda salama, mimi bado nauhitaji mpaka wangu." Nyumba ya pili walicheka mpaka wakaniletea kiti. Ya tatu mbwa.

Mwishowe nikaenda kwa Baba Mkubwa mwenyewe, mikono mitupu. Akanitazama weee, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jani la isale lake mwenyewe, akanikabidhi. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikapiga goti. Nikamrudishia.

"Nimekusamehe," akasema, akaagiza pombe ya mbege.

Jumamosi tukapanda masale upya. Uzuri wake ukichomeka tawi linashika. Baba Mkubwa ndiye aliyeshika kamba, kwa kuwa ndiye pekee aliyekumbuka mpaka ulipita wapi. Kamba ilipokazwa, migomba yangu miwili ya mshare, yenye mikungu iliyokomaa, ilikuwa upande wake.

Nikafungua mdomo. Akaniuliza, "Unasemaje, mwanangu?"

Nikasema kamba imenyooka vizuri.